Chungwa Lililomenywa

Inspekta aliweka visanduku viwili vya chakula mezani, kimoja chake na kimoja cha Mama Mkunga, akavuta kiti akakaa. Hakugusa kitu. Alikuwa mwanamke aliyestaafu polisi, lakini ile tabia ya kuangalia kwanza na kushika baadaye haikustaafu pamoja naye.

"Unangoja kiseme?" Mama Mkunga aliuliza.

"Nakungoja wewe ukae, Mama. Ukinisimamia mgongoni najiona niko kwenye mtihani."

Mama Mkunga akakaa, mtandio umemfunika kuanzia bega mpaka mapajani. Ndiye aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa ule, wawili wa Inspekta wakiwemo, na hata sasa, mzee na mwenye presha, bado alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watu lini wasukume na lini watulie.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Daktari alimkataza chumvi na mafuta. Mdogo wake, ambaye ndiye aliyempikia miaka yote, alikuwa ameondoka. Mwanawe wa pekee, anayeishi mji mwingine, akaona kwenye simu tangazo la kampuni inayopika chakula cha afya na kukuletea mlangoni kikiwa tayari. Akamwandikisha mama yake kwa wiki ya majaribio, akaweka na sharti lake. Jumamosi mama aseme ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, ataendelea kuletewa chakula na kukaa kwake. Akisema hapana, mwanawe anakuja na gari kumchukua, na nyumba inapangishwa. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Chakula chenyewe kibaya?" Inspekta alikuwa amemuuliza kwenye simu.

"Kizuri. Ndiyo maana naogopa. Kuna mtu anakifungua kabla hakijanifikia. Halafu chakula hiki kinanijua, mwanangu. Sijui nikuelezeje."

Basi Inspekta naye akajiagizia nyumbani kwake chakula kile kile cha wasiokula chumvi, cha siku ile ile, kutoka jiko lile lile, akaja nacho mkononi. Vyote viwili vilikuwa bado vimefungwa.

"Tuanze juu," alisema.

Kila kisanduku kilikuwa na plastiki nyembamba iliyogandishwa kwa mashine kuzunguka ukingo. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa chake. Plastiki imeshika pande zote. Akapitisha kwenye cha Mama Mkunga. Kona moja ilikuwa imeachia, na plastiki ya pale imekunjwa mara mbili, imesimama kama sikio la paka.

"Umeona?" Mama Mkunga alisema. "Kila siku ni hivyo, kona hiyo hiyo. Mtu anafungua, anatia anachotia, kisha mimi ndio nile."

"Mtu wa kutia kitu angeficha pale alipofungulia. Huyu amekuachia alama."

"Labda ni mjinga."

"Wapo. Lakini mjinga hakunji vizuri namna hii."

Inspekta akalishika lile sikio kwa vidole viwili, akavuta. Plastiki yote ikatoka mara moja. Cha kwake ilibidi akibane kwa mkono mmoja na kukwaruza kwa kucha za mwingine, na mwisho wake akaomba kisu.

Ndani vililingana kwa kutazama haraka: viazi vya kuchemsha, mboga za majani, paja la kuku lililookwa, na chungwa kwenye kijumba chake pembeni. Kisha akaangalia polepole. Paja la kwake lilikuwa zima, na mfupa wake. La Mama Mkunga lilikuwa limetolewa mfupa na kukatwa vipande vya kuingia kinywani bila kazi. Chungwa la kwake lilikuwa na ganda. La Mama Mkunga limemenywa, limeachanishwa, hata zile nyuzi nyeupe zimetolewa.

"Hapo sasa," Inspekta alisema. Alikuwa anatazama kikombe cha chai alichokaribishwa. "Mama, ulileta kikombe. Ukarudi jikoni kuleta sukari. Ukarudi tena kuleta kijiko. Mimi nilidhani unanipa heshima."

"Ni heshima."

"Nitolee mkono wa kushoto."

Mama Mkunga alimtazama muda mrefu.

"Utoe wewe," alisema.

Inspekta akainua mtandio. Mkono ulikuwa umelala mapajani, vidole vimejikunja kwa ndani, haufanyi chochote.

"Tangu lini?"

"Tangu presha iliponiangusha."

"Mwanao anajua?"

"Mwanangu akijua hangoji Jumamosi. Kwenye simu namwonyesha huu wa kulia. Nampungia, anafurahi, tunaagana."

"Sasa nani anajua?"

"Daktari. Na mdogo wangu, maana ndiye aliyeniokota sakafuni."

"Na yeye yuko wapi?"

"Kwa binti yake. Naye mikono ilimharibikia, maskini. Viungo vilikaza, akawa hawezi hata kumenya kitunguu. Alinililia hapa hapa, nikamwambia nenda kapumzike, mimi nitajua la kufanya." Alivuta mtandio, akaufunika tena ule mkono. "Huyo usimwingize. Mimi nakuambia ni mwanangu. Daktari atakuwa amemwambia, naye amepanga na watu wa jiko wanijaribu. Wanamenya chungwa, halafu watanipa lenye ganda waone nitafanyaje. Mtoto yule nilijizalisha mwenyewe, chumba kitupu, hakuna wa kunishika hata bega. Leo ananitega kwa chungwa."

Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ile ile, na kwa Inspekta ilikuwa vibaya zaidi kuliko kama angelia.

"Tumuulize," Inspekta alisema.

"Usimwambie."

"Kuuliza si kuambia, Mama. Kazi yangu yote ilikuwa hiyo."

Akapiga simu, akaiweka mezani isikike na wote wawili.

"Shikamoo, Inspekta," mwana alisema. "Mama mzima?"

"Marahaba. Mzima, yuko jikoni. Nina swali dogo. Nafikiria na mimi kujiunga na hawa watu wa chakula. Ulipomwandikisha mama, walikuuliza nini?"

"Umri, maradhi, mtaa, nyumba. Nikawaambia presha, chumvi marufuku."

"Hawakuuliza kama anahitaji kukatiwa au kumenyewa? Wengine wanamenyewa."

Mwana akacheka papo hapo. "Mama amenyewe? Muulize mwenyewe uone kama utatoka na meno yote. Kwani vipi, analalamika?"

"Halalamiki. Haya, msalimie mkeo."

Alikata simu. Mama Mkunga alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hajui," Inspekta alisema. "Anayejua jambo kama hili akiulizwa ghafla, kwanza anavuta pumzi. Yule alicheka kabla sijamaliza."

"Nimemsingizia mwanangu."

"Umemsingizia mbele yangu tu. Mimi nimeshasikia makubwa kuliko hayo."

Waligawana lile paja lililokatwa. Halikuwa na chumvi, lakini aliyelipika alijua la kufanya na limau na kitunguu saumu, na Inspekta alikiri kwamba kama si upelelezi angeomba jingine.

Jioni mwendesha pikipiki alileta chakula cha usiku. Mtaa ulimwita Breki, na waliompa jina hilo bila shaka hawakuwahi kupanda nyuma yake. Lakini kwenye lango lile alifika taratibu, akazima injini mbali, akagonga kwa kidole kimoja. Inspekta akatoka yeye.

"Mbona huku hupigi honi?" aliuliza. "Kwangu mchana ulipiga mpaka jirani akatoka."

"Hapa niliambiwa nisipige. Mwenye nyumba akishtuka presha inampanda."

"Nani alikuambia? Mwenye nyumba?"

"Huyo hata hatujazungumza zaidi ya asante. Niliambiwa jikoni."

"Na hii kona ya plastiki ni wewe?"

Breki akajitetea kwa mikono yote miwili. "Mama, mimi sifungui kitu cha mtu. Napokea mfuko umefungwa, natoa mfuko umefungwa. Ukiniharibia kazi nina watoto."

"Sijasema umefungua. Unapokea kutoka wapi?"

"Kwenye rafu. Kila mtu anachukua mifuko ya upande wake. Isipokuwa huu." Aliuinua. "Huu siukuti kwenye rafu. Naletewa mkononi, na kila siku naambiwa usiulaze ubavu. Nilidhani ni wa mkubwa fulani."

"Unaletewa na nani?"

"Shangazi. Mpishi mkuu. Sote tunamwita hivyo."

Inspekta alimshukuru, akarudi ndani, akamwekea Mama Mkunga chakula mbele yake. Hakumwambia kitu. Waliojua habari za mkono ule walikuwa wawili tu, daktari na mdogo mtu, na madaktari hawachomi kuku.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwenye jiko lenyewe. Lilikuwa jengo refu jeupe nyuma ya gereji, na mlango wake ulinuka sabuni. Meneja, mwanamume mwenye kofia ya karatasi iliyomzidi, alimpokea kama mteja mpya.

"Nasitasita," Inspekta alimwambia, na haukuwa uongo. "Kula chakula cha mtu usiyemjua, hicho ndicho kinanikwamisha."

"Wote husema hivyo. Njoo ujionee." Akampeleka kwenye dirisha kubwa la kioo. Upande wa pili watu walikuwa wakikata, wakikoroga, wakipima kwenye mizani. "Na sisi pia hatumjui mteja. Tunajua lebo tu. Rangi ya njano, hana chumvi. Kijani, hana sukari. Hakuna upendeleo, hakuna chuki. Kila kisanduku ni sawasawa na kingine."

"Sawasawa kabisa?"

"Kabisa."

"Na yule anayetoa mifupa?"

Mwanamke aliyekuwa karibu na kioo alikuwa amevaa aproni ya bluu na kofia ya wavu. Mbele yake palikuwa na mapaja ya kuku mengi, akageukia moja tu, akapitisha kisu mara mbili, mfupa ukatoka peke yake kama ulioitwa. Vidole vilikwenda bila kukwama popote.

"Shangazi huyo," meneja alisema kwa kujivuna. "Tulimpata mwaka huu huu, lakini wateja wanatuma ujumbe wa shukrani mpaka tunausoma kwa sauti asubuhi kabla ya kuanza kazi. Akisikia wake anajifanya anatafuta kitambaa."

"Naomba nimsalimie. Anafanana na ndugu wa rafiki yangu."

Walimpa nafasi kwenye benchi la nje, penye mitungi ya gesi. Shangazi alitoka anajifuta mikono, uso umechangamka kama wa mtu anayetarajia kusifiwa.

"Dada yako anakusalimu," Inspekta alisema.

Kitambaa kikasimama.

"Amejua?"

"Mimi ndiye najua. Yeye anadhani anatiliwa sumu."

Shangazi alitaka kucheka, ikamshinda. Akakaa mwisho wa benchi.

"Naomba nione mikono," Inspekta alisema.

Akainyoosha. Ilikuwa na makovu ya visu na moto kama ya mpishi yeyote. Vidole vyote vilinyooka, vikakunjika, vikanyooka tena.

"Ulimwambia imekaza."

"Nilimwambia."

"Na machozi juu yake."

"Machozi yalikuwa ya kweli. Sababu yake ndiyo haikuwa ya kweli."

"Sababu yake ilikuwa nini?"

"Wewe ungemwambiaje mtu kama yule? Dada, nimechoka na wewe? Angenipa dawa ya kuchoka." Alikunja kitambaa mapajani. "Nilihamia kwake nikiwa msichana, nimsaidie wiki mbili amalize zamu za usiku. Nikazeekea pale. Chakula kikichelewa nasikia, kikiwahi sisikii kitu. Siku aliyoanguka, nikamwinua, nikaona ule mkono unaning'inia. Nikajua basi. Nilikuwa msaidizi wake, sasa nakuwa mkono wake. Mkono hauagi, hauendi popote."

"Ukamtoroka mgonjwa."

"Nikamtoroka mgonjwa. Sema hivyo hivyo, usinipambie."

"Kisha akaja mpaka hapa."

"Ikaja lebo. Mtaa wetu, nyumba yetu, rangi ya njano. Nilisema nitamfungia kama wengine, kwani mimi ni nani sasa. Nikaweka paja zima. Nikamwona akilini anavyolifukuza kwenye sahani kwa kijiko. Nikalitoa tena, nikalikata. Baada ya hapo chungwa. Baada ya hapo plastiki."

"Ungemwachia paja lake zima, nisingekupata."

"Najua," Shangazi alisema. "Niliwaza hilo kila siku nikikata."

Inspekta akasimama. "Alasiri nampelekea taarifa. Sitamficha neno. Ukitaka kuwapo, uwepo."

Alikuja. Alisimama mlangoni bila aproni, viatu kaviacha nje, na hakukaa kwa sababu hakuambiwa akae. Inspekta alieleza mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio, kama alivyokuwa akieleza mahakamani: plastiki, kuku, chungwa, honi, mfuko wa mkononi, vidole vinavyonyooka.

"Ulichoniuliza ni kama chakula ni salama," alimalizia. "Ni salama. Hakuna aliyetia kitu."

Mama Mkunga hakumtazama yeye. Alikuwa anaitazama mikono ya mdogo wake.

"Nilikufunga bandeji," alisema. "Kabla hujaondoka. Usiku nilikupaka dawa kidole kimoja kimoja, kwa huu mkono mmoja niliobaki nao, nikikuomba radhi kwamba nimekuchosha. Ukanyamaza, ukaniacha nipake."

"Ndiyo, dada."

"Mkono uliokufa ni wangu. Wewe ukaja kuulilia wa kwako."

"Ningekuambia ukweli, ungeniacha niende?"

Mama Mkunga alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo.

"Nisingekuacha," alisema.

"Basi."

"Basi nini? Kwa hiyo nastahili? Mtu wa mbali anatuma ujumbe wa asante, unampikia kwa moyo. Mimi niliyekula nikamaliza sahani miaka yote, ulitaka nini zaidi?"

"Nilitaka useme."

Nje watoto walikuwa wanagombania mpira, mmoja anadai ametoka, mwingine anaapa haujatoka.

"Nitarudi," mdogo mtu alisema. "Kesho asubuhi nitaacha kazi, nirudi. Mwanao akija akinikuta jikoni, hana la kukuchukulia. Nyumba inabaki yako."

Inspekta aliona kwamba lile lilikuwa jibu la kila kitu, na kwamba limekuja kwa mlango usiofaa. Kulisema hakukuwa sehemu ya kazi aliyoitiwa.

"Unarudi kwa sababu umekamatwa," Mama Mkunga alisema. "Ungekuwa unarudi, ungerudi Jumatatu ile ulipoiona lebo. Ungegonga pale mlangoni, useme dada, nilidanganya. Wewe ukaona bora unilishe kwa kujificha, kama mtu anayemtupia paka mfupa."

"Si hivyo."

"Nipe simu yangu, Inspekta. Iko kabatini."

Aliiweka mezani, akabonyeza kwa kidole gumba, akaiweka isikike. Ilipokelewa na msichana mwenye sauti ya kufundishwa uchangamfu.

"Mimi niko kwenye majaribio," Mama Mkunga alisema. "Yanaisha kesho. Naendelea."

"Karibu sana, mama. Umefurahia chakula chetu?"

"Kimepikwa vizuri."

Mdogo mtu, pale mlangoni, alishusha macho.

"Kuna jambo lolote jiko lijue ambalo hatukuandika?"

Mama Mkunga akaingiza mkono wa kulia chini ya mtandio, akaushika ule wa kushoto kifundoni, akautoa, akaulaza mezani mbele ya watu wote wawili, karibu na simu.

"Mkono wangu wa kushoto haufanyi kazi. Chakula changu kikatwe. Tunda limenywe. Plastiki iwe ya kuvuta. Andika, iwe haki yangu, isiwe hisani ya mtu. Na apike yeyote aliye zamu."

"Nimeandika, mama. Tunajulisha aliyekuandikisha?"

"Mwanangu nitampigia mwenyewe nikimaliza na wewe. Akitaka kuja kesho aje, atanikuta nakula."

"Sawa. La mwisho tu. Siku tukija, tukagonga usifungue, tumpigie nani wa karibu? Kuna ndugu unaishi naye, au aliye jirani?"

Mdogo mtu aliinua kichwa. Namba yake ilikuwa ile ile ya siku zote, na dada yake aliijua kwa moyo. Alisogea hatua moja ndani ya chumba.

Mama Mkunga alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hapana," aliiambia simu. "Hakuna mtu."

"Haya, mama," msichana alisema. "Basi hapo naacha wazi."